Kicheko cha Kuazima

Kasiani Gama aliingia chumba cha daraja amejifunika shuka jeupe gubigubi, anaburuta miguu, na humo ndani ya shuka anajiimbia mwenyewe wimbo wa maziko. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi walishaanza kucheka kabla hajafika mlangoni.

"Nani kafa tena?" muuguzi akauliza.

"Mimi," sauti ikatoka ndani ya shuka. "Kaniua Mhehe. Nimekuja kumuuliza kama ameshiba."

"Kazikwe mbali, usije ukatunukia hapa," nikamwambia kutoka kwenye kiti changu. "Na hilo shuka la hospitali ulirudishe. Tangu babu zenu wapite huku wakiswaga ng'ombe wa watu, mikono yenu Wangoni haijatulia."

Akajifunua uso. Ni mtu mrefu, mwembamba, mwenye mashavu ya mpiga tarumbeta, yamelegea kama mifuko mitupu. "Ng'ombe tuliswaga, ndiyo. Lakini ng'ombe walitoa maziwa. Sasa mimi namswaga Mhehe mzima na hata mtindi sijauona."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika tumbo, na kicheko kikaenda, kikaenda, kikafika mwisho wake chenyewe. Dokta Nakijwa alikuwa amesimama pembeni na kipimo chake mkononi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hapa kwetu Mafinga hatupulizishwi tena kwenye bomba. Tunachekeshwa. Kicheko kinataka hewa nyingi kwa ghafla, na pafu lililokakamaa halina hewa hiyo, kwa hiyo kicheko kinakatika njiani na kugeuka kikohozi. Kabla ya Kasiani vicheko vyangu vyote vilikuwa vinakatika njiani. Nilikuwa nimeacha hata kwenda kwenye sherehe za watu, maana mtu akisema la kuchekesha mimi nakaribia kuiaga dunia.

Naitwa Vestina Kihwele. Ni mjane, nina mashine ya kupasua mbao, na mdomo wangu unajulikana mpaka Makambako. Nayasema haya mapema ili usije ukanionea huruma kabla ya wakati.

Muuguzi akatulaza kwenye viti viwili vilivyopakana, akaunganisha mrija wa mkono wa Kasiani na mrija wa mkono wangu, na mtambo uliokaa katikati yetu ukaanza kuunguruma polepole. Ndilo daraja hilo. Kama hujawahi kuwa na ugonjwa wangu huwezi kulijua, basi ngoja nikueleze kama nilivyoelezwa mimi.

Ndani ya mapafu kila mtu ana mafundi wadogo wa kuziba vidonda. Ukivuta vumbi, ukichubuka, wanakuja, wanapiga lipu, wanaondoka. Wa kwangu hawaondoki. Wamepiga lipu ukutani, wakapiga mlangoni, wakapiga mpaka madirishani, na hewa ikibisha hodi haina pa kuingilia. Dawa za zamani zilikuwa zinawachelewesha tu. Daraja linaipitisha damu yangu kwenye mwili wa mtu mzima wa afya, mwili ambao mafundi wake wanajua saa ya kuacha kazi. Wa kwangu wakifika huko wanafundishwa adabu, kisha wanarudishwa. Wapo wasiofundishika. Hao wanabaki kwa yule mbebaji, wanampigia lipu kidogo. Tuliambiwa ni kidogo tu, na kwamba mwili wake utaibandua.

Sasa, ndugu yako hawezi kukubeba. Ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo kama wetu, na mafundi wa kaka yako ni wakorofi kama wako. Kumlipa mtu akubebe ni marufuku pia, tangu ile aibu ya matajiri waliokutwa wamenunua vifua vya vijana wa watu. Sheria imefunga mlango wa damu, imefunga na mlango wa pesa. Nani basi atakubeba bure, naye si ndugu yako? Nchi nyingine zilikwama hapo. Sisi tulikuwa na watani.

Babu wa babu zetu, Wahehe na Wangoni, walipigana mpaka wakachoka kuzikana, na walipochoka vita wakaanza kutukanana kwa kucheka. Mtani wako atakuvamia jikoni ale nyama yako, atakuja msibani kwako alale ndani ya kaburi agome kutoka, na huna ruhusa ya kununa. Lakini ukiwa na shida, mtani hakatai. Akikataa kwa dhati, utani umekufa, na ukoo wake mzima utatembea na aibu hiyo. Wataalamu walipolijua hilo walikaribia kupiga vigelegele.

Tatizo likawa maneno. Siku za mwanzo wabebaji walikuwa wanalia, "Nitoeni, mnaniua!" kama watani wanavyolia, na mitambo ikawa inawasikia na kujizima yenyewe. Wagonjwa walikufa hivyo, mbebaji kashika mdomo, anasema jamani nilikuwa natania. Ndipo ikawekwa kanuni: neno la mtani hupokelewa na mtani wake. Mbebaji akitaka kushuka, atasema mbele ya baraza, na mgonjwa wake, ambaye anaijua lugha yao, ndiye atakayesema kama huo ni utani au si utani. Ilipopitishwa nilikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Viti vya daraja vina masikio mgongoni. Pumzi zenu mbili zinasikika kwenye kipaza sauti kidogo juu ya mtambo, ili muuguzi ajue kama zinakwenda pamoja. Siku zote pumzi ya Kasiani ilikuwa laini, unaweza kulalia. Siku hiyo alisinzia, na mimi nikawa nasikiliza tu kwa kukosa la kufanya, ndipo nikausikia ule mlio. Ulikuwa unakuja mwishoni, pumzi inapomaliza kuingia, chini kabisa ya mgongo: kama mtu anabandua taratibu ule mkanda wa kunata wa kiatu cha mtoto.

Mlio huo naujua. Ulikuwa wangu. Nikasema, loo, Vesti, umeanza tena. Nikabana pumzi ili niusikie vizuri.

Uliendelea.

Muuguzi alipotufungua, alimwomba Kasiani avue pete yake ya hewa aisafishe. Kila mbebaji anavaa pete hiyo, na yake ilikuwa inawaka kijani, maana yake hewa kwenye damu inatosha. Kasiani akaivuta, ikafika kwenye ncha ya kidole, ikagoma. Akaivuta tena. Ncha zilikuwa zimevimba, kucha zimebinuka kama mgongo wa kijiko.

"Imenipenda," akamwambia muuguzi. "Mwachie mtu na mapenzi yake."

Wote wakacheka. Mimi nilitazama vidole vyangu, vyenye ncha kama hizo hizo, nikavikunja, nikavificha chini ya kanga.

*

Mama yangu alikufa na kikohozi hicho. Walimpa dawa za kifua kikuu, akamaliza, wakampa tena, na makohozi yake hayakuwahi kuonyesha mdudu hata mmoja. Kaka yangu Odilo naye hivyo hivyo. Tulidhani ni uchawi, halafu tukadhani ni vumbi la mbao. Kumbe vilikuwa viwili: damu yetu ilikuwa imeuweka moto tayari, na vumbi likaja kuupuliza. Siku hizi misumeno inapasua mbao chini ya maji, na taa za barabarani Mafinga zinageuka nyekundu vumbi likizidi ili watu wafunike pua. Yote hayo yalikuja Odilo ameshazikwa.

Ni kwenye maziko yake nilipomwona Kasiani kwa mara ya kwanza. Alikuja na watani wenzake na matarumbeta yao, akakaa juu ya jeneza akakunja nne, akasema halinyanyuliwi mpaka apewe jogoo. Nikaenda kumtukana, na katikati ya matusi nikashikwa na kikohozi, nikaanguka chini. Nilipofumbua macho alikuwa amenishika kichwa. Hakusema la utani. Aliwageukia watu akasema, "Huyu hamtamzika. Huyu nambeba mimi." Nilikuwa sijamwomba.

Kwa hiyo Jumamosi, siku chache baada ya kuusikia ule mlio, niliposikia matarumbeta yanapita na bibi harusi, niliacha mashine inaunguruma nikatoka barabarani. Walikuwa nyuma ya gari dogo la mizigo, wamevaa makoti mekundu. Tarumbeta ya kuongoza, ile yake Kasiani yenye kamba ya kijani, ilikuwa mdomoni mwa mtu mwingine. Kasiani alikuwa amekaa anapiga ngoma.

Nililifuata gari mpaka ukumbini. Nilitembea njia nzima, kilima na vyote, na sikusimama kupumzika. Nilikuwa na hasira na miguu yangu kwa wepesi wake.

Nilimkuta nyuma ya jengo, penye viti vya plastiki vilivyopangwa juu ya vingine, amekaa peke yake.

"Tarumbeta iko wapi?"

"Imeolewa," akasema. "Imenikimbia na kijana."

"Kasiani, acha utani."

"Nikiacha nitakuwa nani kwako, Mhehe? Mpita njia?"

"Unakohoa?"

Akaangalia mikono yake. "Nakohoa. Kile kikavu. Nikipanda ngazi za kanisani nasimama katikati, watu wanadhani nasali." Akacheka kidogo kwa pua. "Paroko ameanza kunisifia."

"Mwambie daktari!"

"Daktari anajua, Vesti. Aliniwekea sikio mgongoni, akaenda dirishani akasimama. Haruhusiwi kunipiga picha ya kifua mpaka nilalamike. Nikilalamika, ni barazani. Na barazani ni mpaka wewe."

Vesti. Hakuwahi kuniita jina langu tangu tujuane. Nilikuwa Mhehe, bibi mbao, mwanamke wa misumari. Nilijisikia vibaya kuliko kama angenipiga kofi.

"Kwa nini usiniambie?"

"Nimekwambia kila wiki! Nimekuja na sanda, nimekwambia umeniua. Ulitaka nikwambie vipi?" Akashusha sauti, maana mke wake Sabina alikuwa anakuja na sahani ya pilau. "Mtani hawezi kukaa na mtani wake kikao akamwambia sikutaki. Nikifanya hivyo wanangu watamwita nani siku ya kunizika mimi? Nitasema siku ya baraza. Nitasema kwa mdomo niliopewa, sina mwingine. Watu watacheka. Wewe waache wacheke. Wewe tu usicheke."

Sabina akafika. Aliniwekea sahani mikononi, akanitazama usoni, na hakusema hata lile la kawaida yake la kwamba pilau halina mbwa, maana Wahehe tunataniwa kwa kula mbwa, nisipoteze muda kutafuta. Alisema tu, "Kula, dada."

"Sawa," nikamwambia Kasiani. "Sitacheka."

Akachukua ngoma yake akarudi ndani.

*

"Kaa," Dokta Nakijwa akasema.

"Nitasimama. Niambie akishuka mimi nakuwaje."

Ni mwanamke wa Kipare, mfupi, mwenye kusema mambo kama yalivyo, na ndiyo sababu nampenda. Siku hiyo alichukua muda kupanga vitu mezani ambavyo vilikuwa vimeshapangika.

"Mafundi wako wametulia kwa sababu wanakwenda kwake," akasema. "Wakikosa pa kwenda watarudi kazini, na watarudi kwa fujo. Tumewaona wengine. Mvua hizi zikiisha, sidhani kama utakuwa unatoka kitandani."

"Mbebaji mwingine je? Wangoni wamejaa mpaka Songea."

"Mwili wako umemzoea Kasiani. Kumzoesha mwingine kunachukua muda mrefu kuliko ulio nao."

"Pafu la kupandikizwa?"

Akarudi kupanga vitu vyake mezani. Nilijua jibu, watu wa umri wangu wanarukwa kwenye orodha.

"Haya. Na yeye je? Akishuka sasa, anapona?"

"Kovu halitoki, Bi Vestina. Lililoingia limeingia. Lakini bado ni changa, na damu yake si kama yenu. Likiachwa hapo lilipo linaweza kusimama. Tarumbeta hatapiga tena. Atazeeka, atawaona wajukuu."

"Akiendelea kunibeba?"

"Atakuwa wewe," akasema. "Na wewe utakuwa unaendelea kucheka."

Nikakaa.

"Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

"Usiniulize hivyo."

"Nakuuliza."

"Mimi mtani wangu ni Mchaga," akasema, "na sijawahi kumwomba hata chumvi." Alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Mimi nimemsikia mgongoni. Nimeandikia wakubwa, wamejibu kanuni ni kanuni. Ukisema si utani, namfungua siku hiyo hiyo, kwa mikono yangu. Usiposema, mikono yangu imefungwa. Naomba usinichukie kwa kukwambia hivyo."

Sikumchukia. Nilichukia kila kitu kingine. Nilirudi nyumbani nikavunja kikombe kwa makusudi, nikakifagia mwenyewe.

Watu wangependa kusikia kwamba nina mjukuu yatima wa kulea, au kazi fulani ya Mungu ambayo sijaimaliza. Sina. Wanangu ni wakubwa, wana nyumba zao na waume zao, watalia na watanyamaza. Nataka tu kuishi. Nataka kuamka asubuhi nikoroge uji, nigombane na madereva wa magogo, niende sokoni nikapunguziwe bei kwa kelele. Nataka kupanda kilima bila kufikiria kilima. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wewe unayesikiliza haya huku unapumua bila hata kukumbuka kwamba unapumua, ninakuomba usiharakishe kunihukumu.

Na ninaogopa. Nalo nalisema. Odilo wiki yake ya mwisho hakulala. Alikaa kitandani ameshika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili, mdomo wazi, kana kwamba hewa iko nje na akivuta kwa nguvu itaingia. Nje kulikuwa na upepo mzuri wa misonobari, mapazia yanapepea. Alikuwa anaangalia mapazia hayo, na macho yake yalikuwa yananiuliza kwa nini pazia linapata na yeye anakosa. Nilimpepea kwa sinia mpaka mwisho.

Asubuhi ya baraza nilisimama mbele ya kioo nikajaribu. "Si utani." Maneno mafupi, hata mtu anayekata roho anaweza kuyasema. Niliyasema tena, kwa sauti ya juu. Yalitoka vizuri. Nikafunga kilemba changu kipya, nikaenda.

*

Mabaraza ya watani yanapendwa Mafinga kuliko mpira. Ukumbi wa hospitali ulijaa. Wenye karanga walikuwa na karanga, wenye watoto migongoni walisimama ukutani. Mwenyekiti alikuwa Mzee Luhwago, hakimu mstaafu, mtu wa heshima asiyecheka ovyo, ambaye naye pia huja amejiandaa kucheka.

Dokta Nakijwa alikaa pembeni, mikono mapajani. Sabina alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Kasiani aliingia bila shuka. Alikuwa amevaa lile koti jekundu la harusi, limepigwa pasi, na kofia. Watu wakaanza kunong'ona, mbona leo kapendeza hivi, anakuja kuoa? Akavua kofia akaishika mbele yake.

"Mimi Kasiani Gama," akasema, "nimechoka. Huyu mwanamke wa Kihehe amenikalia kifuani. Nikilala yupo, nikiamka yupo. Naomba ashuke."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu akapiga mluzi. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Utamshushaje na ulimpandisha mwenyewe?" wakazidi kucheka.

Kasiani akangoja. "Naomba ashuke," akarudia, "kwa sababu nakufa. Sitaki kufa. Nawaomba kwa Mungu."

"Mngoni kaanza kukimbia tena!" akadakia jamaa wa mbele, Mhehe mwenzangu, mwenye duka la nati. "Mmetoka kusini mnakimbia, mtafika Misri!"

Hiyo ni dhihaka ya zamani, kila Mngoni ana jibu lake. Kasiani anayo majibu mengi, nimeyasikia yote. Watu walimgeukia na vinywa wazi wakisubiri.

Hakujibu. Alinyanyua mikono yake akaonyesha vidole. "Tazameni kucha zangu."

"Vijiko hivyo! Lete mchuzi!"

Hata hapo hakujibu. Mtani akirushiwa neno lazima alidake. Hata akiwa na homa, hata akiwa amefiwa, atalidaka na kulirudisha. Akiliacha lianguke chini, hapo hakuna utani. Kila mtu kwetu analijua hilo, ila walikuwa wanacheka kwa kelele mno kulisikia likianguka. Mimi nililisikia. Yeye alikuwa ananitazama mimi tu, kofia imekunjwa mikononi.

Mzee Luhwago akafuta machozi kwa leso, akagonga meza. "Haya, haya, tulieni. Bi Vestina Kihwele. Neno la mtani hupokelewa na mtani wake. Umelisikia. Ni utani, au si utani?"

Nikasimama. Ukumbi ukanyamaza kwa ile raha ya watu wanaosubiri tamu zaidi. Nikamwona Sabina amejiziba mdomo kwa upande wa kitenge. Nikamwona Dokta Nakijwa amesogea ukingoni mwa kiti chake, tayari kunyanyuka.

Nilivuta pumzi ili niseme.

Ikaingia. Ilikuwa inatoka dirishani, ina harufu ya mbao mbichi zilizopasuliwa asubuhi, na iliingia mpaka chini kabisa, mpaka kwenye vyumba ambavyo kwa Odilo vilikuwa vimezibwa, ikavijaza, na haikuuma popote. Mungu anisamehe, ilikuwa pumzi nzuri. Nikaliona dirisha. Lilikuwa na nondo, na pazia la hospitali lilikuwa linapepea.

Asije mtu akasema kicheko kiliniponyoka. Hakikuniponyoka. Niliyashika yale maneno mdomoni, nikayaonja, nikayameza, halafu nikacheka.

"Huyu Mngoni mwongo!" nikasema. "Mmeona alivyovaa? Anayekufa anapiga pasi?"

Ukumbi ulipasuka. Karanga zilimwagika. Mzee Luhwago aligonga meza huku mabega yakimtikisika, akatangaza kwamba mkataba unaendelea, watani wapeane mikono. Mlango wa nyuma ulifunguka na kufungwa, na mahali alipokuwa Sabina hapakuwa na mtu. Dokta Nakijwa alibaki amekaa, anaangalia viganja vyake.

Nilicheka muda mrefu. Kicheko kikaenda, kikafika mwisho wake, bila kukatika, bila hata mkwaruzo.

Kasiani alinitazama mpaka nikamaliza. Kisha akavaa kofia yake. Mtani hamwachi mtani wake acheke peke yake, ndivyo tulivyolelewa, na yeye ni mtu aliyelelewa vizuri. Akafungua mdomo akacheka. Chake kilikatika njiani. Akainama, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika meza ya baraza, akakohoa kikohozi changu.